Sheria ya Ulaya Kwenye Kihamba cha Mkulima: Nani Ataubeba Mzigo?

Tumezoea kufikiri kwamba sheria ina mipaka kama vile nchi ilivyo na mipaka. Bunge letu hutunga sheria kwa ajili ya Tanzania, la Kenya kwa ajili ya Kenya, na Bunge la Ulaya kwa ajili ya nchi za Ulaya. Lakini katika biashara ya kimataifa imekuwa ikikua, mwaka hadi mwaka, sheria ya namna nyingine. Hiyo haivuki mpaka kwa nguvu za dola. Hupita katika mlango wa soko. Haimwamuru mkulima wa Mbinga, Rombo au Karagwe kufanya lolote; humwambia mnunuzi wake aliyeko Ulaya, "Usinunue mpaka umejua hiki na kile." Na mnunuzi naye humgeukia muuzaji, muuzaji humgeukia chama cha ushirika, na chama humgeukia mkulima.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu mazao yasiyotokana na ukataji wa misitu. Parokia zetu nyingi zimesimama juu ya kahawa: ada za shule zimetoka humo, michango ya ujenzi wa makanisa imetoka humo, na baadhi yetu tulio katika malezi ya kiseminari tumelipiwa karo kwa fedha ya kahawa. Kwa hiyo si jambo la wanasheria peke yao. Katika makala hii nitaeleza sheria hiyo inasema nini, inafikaje shambani, tuipime vipi kwa haki, na nini kinaweza kufanywa na wale ambao itawagusa.

Sheria yenyewe inasema nini?

Sheria hii, namba 2023/1115, ilipitishwa tarehe 31 Mei 2023 na kuanza kuwa na nguvu tarehe 29 Juni mwaka huohuo, ingawa utekelezaji wake ulipangiwa tarehe ya baadaye. Inahusu mazao saba: ng'ombe, kakao, kahawa, michikichi, mpira, soya na mbao, pamoja na bidhaa nyingi zitokanazo nayo, kama vile ngozi, chokoleti na samani. Chimbuko lake ni hesabu ya kusikitisha. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linakadiria kwamba kati ya mwaka 1990 na 2020 dunia ilipoteza hekta milioni 420 za misitu, eneo linaloushinda Umoja wa Ulaya mzima kwa ukubwa. Sehemu kubwa ya misitu hiyo ilikatwa ili kupata mashamba, na mazao ya mashamba hayo yaliishia katika meza za walaji walio mbali, ambao hawakuwahi kusikia mlio wa shoka.

Sheria inaweka masharti matatu kwa kila zao linaloingia katika soko la Ulaya. Kwanza, lisitoke katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Pili, liwe limezalishwa kwa kufuata sheria za nchi lilikotoka, zikiwemo sheria za ardhi, za kazi, za mazingira na za kodi. Tatu, liambatane na tamko la kampuni kwamba uchunguzi umefanyika na hatari iliyoonekana si ya kutiliwa maanani. Kampuni itakayokiuka inaweza kunyang'anywa mzigo na kutozwa faini, na nchi wanachama zimetakiwa kuweka kiwango cha juu cha faini hiyo kisichopungua asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka ndani ya Umoja wa Ulaya.

Tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa mara mbili. Awali ilikuwa 30 Desemba 2024, ikapelekwa mwaka mmoja mbele. Desemba 2025 ikasogezwa tena: makampuni makubwa na ya kati yataanza tarehe 30 Desemba 2026, na yale madogo tarehe 30 Juni 2027. Tume ya Ulaya iliagizwa pia kuipitia upya sheria hii na kutoa taarifa ifikapo tarehe 30 Aprili 2026, kwa lengo la kuirahisisha. Wapo wanaosema, basi tusubiri, huenda ikafa yenyewe. Huo si ushauri mzuri. Masharti ya msingi hayajafutwa, na kazi ya kuwaandikisha wakulima na kupima mashamba haimaliziki kwa mwezi mmoja.

Inavyofika shambani

Ugumu wote uko katika neno moja: mahali. Haitoshi kusema kahawa hii ni ya Kilimanjaro au ya Kagera. Sheria inataka mahali pa kila shamba kwa majira-nukta, yaani namba za latitudo na longitudo zenye tarakimu zisizopungua sita baada ya nukta. Shamba lisilozidi hekta 4 linaweza kuonyeshwa kwa nukta moja. Lililozidi hapo lazima mipaka yake yote ichorwe. Tarakimu sita ni usahihi wa takriban sentimita 11 ardhini, wakati simu ya kawaida huweza kukosea kwa mita kadhaa. Hapo tayari tunaona karatasi inayodai zaidi ya kile ambacho chombo kinaweza kutoa.

Sasa tuufuate mzigo. Kahawa ya Tanzania kwa sehemu kubwa sana hulimwa na wakulima wadogo, wengi wao wakiwa na mashamba yasiyofika hata hekta moja. Mkulima hupeleka kilo zake katika chama cha msingi, AMCOS. Pale huchanganywa na za jirani. Hukusanywa, hukobolewa, hupangwa madaraja, kisha huuzwa. Gunia moja linaweza kuwa na kahawa ya watu wengi. Zamani mchanganyiko huo haukumsumbua mtu, maana kilichoulizwa kilikuwa ubora wa punje. Sasa kinachoulizwa ni asili ya kila punje. Sheria hairuhusu kahawa inayojulikana ilikotoka kuchanganywa na isiyojulikana. Kama kahawa ya shamba moja lenye kasoro imeingia kwenye shehena na haiwezi kutenganishwa tena, shehena nzima imeharibika kisheria. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Ndiyo maana desturi mbili za siku nyingi mkoani Kagera zinapata uzito mpya. Ya kwanza ni butura, yaani mkulima mwenye shida kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya chini, kwa mtu mwenye fedha mkononi. Ya pili ni magendo ya kuvusha kahawa kwenda Uganda. Serikali imezipiga vita zote mbili kwa sababu zinampunja mkulima na kulinyima taifa mapato. Sasa imeongezeka sababu nyingine: kahawa iliyopita njia hizo imepoteza jina la shamba lake. Lakini tusiishie kumlaumu mkulima. Anayeuza butura mara nyingi ana mgonjwa hospitalini au mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada. Asiyemsaidia wakati huo hana sauti ya kumkemea wakati wa mavuno.

Jambo lingine ni viwango vya hatari. Mei 2025 Tume ya Ulaya ilizigawa nchi katika makundi matatu: hatari ndogo, hatari ya kawaida na hatari kubwa. Kenya, Rwanda na Burundi ziliwekwa katika hatari ndogo. Tanzania na Uganda katika hatari ya kawaida. Tofauti yake ni kwamba kampuni zinazonunua kutoka nchi za hatari ndogo husamehewa sehemu ya uchunguzi, na mamlaka hukagua asilimia 1 tu ya kampuni hizo, badala ya asilimia 3. Chukua Mlima Elgon. Kahawa hulimwa upande wa Bungoma nchini Kenya na hulimwa pia upande wa Mbale nchini Uganda. Mlima ni mmoja, mvua ni ileile, lakini mnunuzi wa upande mmoja ana kazi nyingi kuliko wa upande mwingine. Majira-nukta yanatakiwa pande zote mbili.

Mti wa kivuli na jicho la setilaiti

Sheria inatumia maana ya msitu iliyowekwa na FAO: eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayozidi mita 5 kwa urefu, na ambayo matawi yake yanafunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi, isipokuwa ardhi inayotumika hasa kwa kilimo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayokiokoa kihamba. Kihamba cha Wachaga kina migomba, kahawa chini yake, na miti mirefu ya kivuli juu yake. Kwa macho ya sheria hilo ni shamba, wala si msitu, hata kama lina miti mingi. Mkulima aking'oa mibuni ya kale na kupanda mipya chini ya kivuli kilekile, hajakata msitu.

Setilaiti, hata hivyo, huona kutoka juu. Inaona majani. Ramani zinazotumika kulinganisha hali ya mwaka 2020 na ya leo zinaweza kukihesabu kihamba chenye kivuli kizuri kama msitu, na mkulima akipunguza miti michache ya kivuli, kompyuta iliyo mbali ikasema msitu umetoweka. Huu ni utata wenye maumivu: yule aliyetunza miti kwa vizazi vitatu anaweza kutiliwa shaka, na yule mwenye shamba lililo wazi kabisa, lisilo na mti hata mmoja, akapita bila swali. Ramani hizo kisheria si hukumu. Ni kielelezo tu, na mwenye shamba anaweza kuleta ushahidi mwingine. Lakini ushahidi huletwa na yule anayejua kwamba ameshtakiwa.

Je, ni sheria ya haki?

Hapa falsafa tunayosoma darasani inatusaidia. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba ili kitu kiitwe sheria kwa maana kamili, lazima kiwe na mambo manne: kiwe kimepangwa na akili, kielekee kwenye manufaa ya wote, kitolewe na mwenye dhamana ya kuitunza jumuiya, na kitangazwe kwa wale kitakaowafunga.

Katika mawili ya kwanza, nadhani sheria hii inasimama vizuri. Ni jambo la akili kumuuliza mnunuzi ajue kile anachonunua. Na misitu ni manufaa ya wote: mvua inayonyeshea kahawa ya Kilimanjaro inahusiana na msitu ulio juu ya vihamba. Mkulima wa kahawa ana sababu za kuupenda msitu kuliko hata mtunga sheria wa Brussels.

Ugumu uko katika mawili ya mwisho. Bunge la Ulaya halina dhamana ya kumtunza mkulima wa Mbinga. Hakulipigia kura na hawezi kuliondoa. Hata hivyo uamuzi wake unafika hadi kwenye jembe lake. Mabadiliko ya Desemba 2025 yanaonyesha jambo hili waziwazi. Mzalishaji mdogo aliye katika nchi ya hatari ndogo, na anayeingiza sokoni mazao yake mwenyewe, sasa atatoa tamko moja tu lililorahisishwa, na anaweza kutumia anwani ya posta badala ya majira-nukta. Kwa vitendo, watakaonufaika na nafuu hiyo ni hasa wakulima na wafugaji wa Ulaya wenyewe, ambao walipiga kelele na wawakilishi wao wakasikia. Mkulima wetu hauzi moja kwa moja Ulaya. Yuko mwisho wa mnyororo mrefu, na nafuu hiyo haimfikii. Kila mtunga sheria huona kwanza machozi ya jirani yake.

Kuhusu kutangazwa, wakulima wengi hawakusomewa sheria hii na mtu yeyote. Wameiona katika umbo la kijana mwenye simu anayepita shambani na kupiga picha. Aliyekuja kupima hakusema daima kwa nini anapima, na pengine naye hakuambiwa. Sheria iliyofika kwa namna hiyo inatiiwa kwa hofu, na hofu huzaa uvumi: wanataka kutuchukulia ardhi, wanataka kututoza kodi.

Upo pia upungufu wa tano ambao Mtakatifu Thoma hakuuweka katika orodha yake, lakini anaujua kila mama anayechuma kahawa: gharama. Sheria haina kifungu kinachomlazimisha mnunuzi kuongeza bei kwa sababu ya kazi hii mpya. Kifungu cha 11 kinasema tu kwamba kampuni, katika kupunguza hatari, inaweza kuwasaidia wakulima wadogo kwa mafunzo na uwekezaji. Linganisha maneno hayo mawili. Kutoa majira-nukta ni lazima, kusaidiwa kunawezekana. Kati ya "lazima" na "inaweza" ndipo mzigo unaposhuka kutoka begani kwa mwenye nguvu na kumwangukia mnyonge.

Funzo kutoka Kongo

Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria kubwa ya fedha iitwayo Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaliyoorodheshwa katika masoko ya hisa kueleza kama bidhaa zao zina bati, koltani, tungsteni au dhahabu kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na nchi jirani. Nia ilikuwa njema: kuvinyima fedha vikundi vyenye silaha katika mikoa ya Kivu. Lakini wanunuzi wengi waliona ni rahisi kuondoka kuliko kuchunguza. Serikali ya Kongo nayo ilisimamisha uchimbaji katika mikoa ya mashariki kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011. Wachimbaji wadogo, ambao hawakuwa na bunduki wala kampuni, ndio walioikosa riziki. Wenyeji wakaiita sheria ya Obama, na hawakuiita hivyo kwa kuisifu.

Hatuleti mfano huu ili kusema kwamba sheria za namna hii ni mbaya. Baadaye mifumo ya kufuatilia madini iliwekwa na biashara ikarudi kwa kiasi fulani. Tunauleta ili tuone hatari ilipo. Hatari kubwa kwa mkulima wetu si faini, kwa kuwa faini haimhusu. Hatari ni mnunuzi kuamua kwamba wakulima elfu wenye nusu hekta kila mmoja wana usumbufu, na kwamba ni rahisi kununua kwa mwenye shamba moja la hekta 500. Hapo sheria iliyokusudiwa kulinda msitu ingekuwa imemwadhibu yule asiyeukata.

Tufanye nini?

Mafundisho Jamii ya Kanisa yana kanuni ya auni: kile ambacho chombo cha chini kinaweza kukifanya vizuri, kisinyang'anywe na chombo cha juu, chombo cha juu kimsaidie. Katika suala hili chombo cha chini ni chama cha ushirika. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda KNCU tangu mwaka 1933. Kuungana sokoni si jambo geni kwetu. Naona mambo matatu.

La kwanza, taarifa za mashamba ziwe mali ya wakulima kupitia chama chao. Nadhani hili ndilo kubwa kuliko yote. Mara nyingi kampuni inayonunua hujitolea kupima mashamba bure. Ni msaada, na hatuukatai. Lakini kama majira-nukta yanabaki katika kompyuta ya kampuni hiyo peke yake, msimu ujao mkulima hawezi kumuuzia mwingine, maana yule mwingine hana nukta zake. Bure imekuwa kamba. Kabla ya kuruhusu upimaji, viongozi wa AMCOS waombe kwa maandishi nakala kamili ya taarifa, na uhuru wa kuzitumia kwa mnunuzi yeyote. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa kila mtu haki ya kuelezwa kwa nini taarifa zake zinakusanywa na zitatumikaje. Mkulima anayeuliza hajamkosea mtu adabu.

La pili, ushahidi wa ardhi uwekwe sawa mapema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki ya kimila ya kumiliki ardhi, na hatimiliki ya kimila huiandika haki hiyo. Asiye na hati si mvamizi. Hata hivyo penye ugomvi wa mipaka kati ya ndugu, na penye mjane anayesukumwa nje ya kihamba cha marehemu mumewe, kipimo cha setilaiti kinaweza kuandika jina la mwenye sauti kubwa. Nukta haijui mirathi. Wazee wa ukoo, serikali ya kijiji na jumuiya ndogo ndogo wanajua. Ni vema ugomvi huo umalizwe kabla mpimaji hajafika.

La tatu, elimu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na mwenye simu janja anaweza kujifunza kuchukua majira-nukta kwa muda mfupi. Hafla za VIWAWA na mikutano ya jumuiya zinaweza kupewa nusu saa ili wazee waelezwe kwa lugha yao kitu gani kinapimwa, na kwa nini. Si kazi ya parokia kupima mashamba, lakini ni kazi yake kuhakikisha mnyonge hadanganywi kwa jambo ambalo jirani yake msomi analielewa.

Hitimisho

Sheria hii huenda ikabadilishwa tena kabla haijaanza kutumika. Lakini mwelekeo wa biashara ya dunia umeshajulikana: anayenunua ataulizwa zaidi na zaidi kuhusu njia iliyopitiwa na kitu kabla hakijafika mkononi mwake. Hilo lina ukweli wa kimaadili ndani yake, kwamba bei nafuu haimwondolei mnunuzi wajibu. Tunaloomba ni kwamba swali hilo liulizwe pande zote mbili. Kama mnywaji wa kahawa wa Ulaya ana haki ya kujua shamba liko wapi hadi tarakimu ya sita, basi mwenye shamba naye ana haki ya kujua kahawa yake iliuzwa kwa nani, na kwa shilingi ngapi.